Ndege ya rimoti sio droni: inakaaje angani, na kwa nini wengi wanaiangusha siku ya kwanza

Kila ikisambaa video ya kijana aliyekata stairofomu akatengeneza ndege ndogo ikaruka, maneno huwa ni yale yale. Mmoja anasema hiyo ni droni akamatwe, mwingine anataka serikali imchukue haraka akatengeneze ndege ya abiria, wa tatu anasema huo ni mchezo wa watoto wa matajiri, na wa nne anauliza rimoti inafika kilomita ngapi. Afu kuna kundi lingine lisilosema kitu, wale waliovutiwa kweli wakaagiza ndege yao, wakaenda nayo uwanjani, ikapanda sekunde chache ikajibamiza chini, na sasa iko juu ya kabati inakula vumbi. Hao ndo nawaandikia hasa, maana wengi wanaamini ndege ilikuwa mbovu au mota haikuwa na nguvu, na mara nyingi ukweli uko sehemu nyingine kabisa.

Tuanze na majina. Ndege ya modeli ni chombo kidogo kinachoruka, hakibebi mtu, na anayekiendesha kasimama chini anakiona kwa macho yake. Ikiwa inapokea amri kwa redio basi ni ndege ya rimoti. Droni kwa namna watu wengi wanavyolitumia neno ni kile chombo cha propela nne kinachopiga picha kwenye harusi. Vyote havina rubani ndani, na ndo maana mbele ya sheria vinaweza kuwekwa kapu moja (nitafika huko), ila kwa namna vinavyokaa angani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Droni ya propela nne haina bawa. Inaning'inia kwa nguvu za propela zake, na ndani kuna kompyuta ndogo inayorekebisha kasi ya kila mota mara mamia kwa sekunde moja, kwa hiyo wewe ukiachia vidole yenyewe inatulia pale pale ilipo inakusubiri. Ndege ya mabawa haijui kusimama. Ukiachia vidole inaendelea kwenda, na ikikosa kwenda inaanguka. Kwa upande mwingine bawa linabeba mzigo mkubwa ajabu: droni ya gramu 700 lazima propela zake zisukume gramu 700 hivi muda wote iko juu hata ikiwa imetulia tu, wakati ndege nzuri ya gramu 700 inaweza kukata mbuga kwa msukumo wa robo tu ya hapo, kazi iliyobaki inafanywa na bawa.

Kwa hiyo shikeni hili kwanza kabla ya mengine yote. Ndege inakaa juu kwa spidi na mizani, mota kazi yake ni kuleta spidi basi. Ajali nyingi za anayejifunza zinatokana na kimojawapo kati ya hivyo viwili.

Bawa linafanyaje kazi

Wengi tumerusha tiara utotoni, wengine mnaiita kishada. Vijiti viwili, mfuko wa nailoni, uzi na mkia wa kitambaa. Ni bapa kabisa, haina umbo lolote la bawa, lakini inapanda, na inapanda kwa sababu uzi umefungwa namna ambayo tiara inakaa imeinama kidogo, ukingo wa mbele uko juu kuliko wa nyuma, upepo ukija unaigonga unaelekezwa chini, na upepo ukisukumwa chini tiara nayo inasukumwa juu. Siku hakuna upepo unafanyaje? Unakimbia. Ukikimbia unatengeneza upepo wako mwenyewe na tiara inapanda vile vile. Ndege ni hivyo hivyo tu, propela ndo inayokimbia.

Nasema hivi kwa sababu kuna maelezo yamekaririwa miaka mingi, kwamba mgongo wa bawa umejikunja kwa hiyo hewa ya juu ina safari ndefu, inabidi ikimbie ili iwahi kukutana na ile iliyopita chini. Hakuna kitu kinacholazimisha hewa hizo mbili zikutane. Vipimo vinaonyesha hewa ya juu inafika nyuma ya bawa mapema kuliko ya chini, haimsubiri mtu. Mgongo wa bawa una faida zake, unapunguza ukinzani na unalisaidia bawa livumilie kuinama zaidi, lakini bawa bapa lililokatwa kwenye kipande cha stairofomu linaruka pia, na ndege za sarakasi ambazo bawa lake ni sawa juu na chini zinaruka tumbo likiwa juu bila shida. Kinachotakiwa ni bawa liiname kidogo dhidi ya upepo unaokuja na upepo wenyewe uwe wa kutosha.

Sasa kuinama huko kuna mwisho wake. Ukizidi kuliinamisha bawa unapata mnyanyuo (nguvu inayoibeba ndege juu) zaidi na zaidi, ikifika kama digrii 15 hivi hewa ya juu inashindwa kuufuata mgongo, inaachana nao, na mnyanyuo unashuka kwa ghafla. Marubani wanaita stoli. Wengi wakisikia stoli wanadhani ni mota kuzima, hapana, mota inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote na ndege ikastoli. Na kinyume chake ni kweli, mota ikizima ndege haidondoki kama jiwe. Ndege ya kawaida ya kujifunzia ikizimikiwa ikiwa mita 50 juu inaweza kuteleza hewani mita 300 hivi kabla ya kugusa ardhi, alimradi rubani anaiachia pua ishuke kidogo ili spidi ibaki.

Stoli ukiiangalia kwa karibu inakuwaje. Ndege imeenda mbali kidogo, inaonekana iko chini kidogo kuliko ulivyotaka, unavuta stiki (kile kijiti cha kwenye rimoti) ili ipande. Pua inanyanyuka. Kwa sekunde moja inapanda kweli na unafurahi. Halafu inapungua mwendo, sauti ya propela inabadilika inakuwa nzito, mabawa yanaanza kuyumba kushoto kulia kama haijielewi, na ukigusa stiki ndege inajibu kwa uvivu. Hapo ndo inakwambia spidi imeisha. Bawa moja linadondoka ghafla, pua inageukia ardhini, na mikono ya mtu yeyote ambaye hajafundishwa inafanya kitu kimoja, inavuta stiki zaidi kwa sababu akili inasema ndege inashuka basi niipandishe. Kuvuta kunaliinamisha bawa zaidi, stoli haiachii, mwisho ni chini. Dawa ni kusukuma stiki mbele wakati pua tayari iko chini, jambo ambalo mwili wote unalikataa, uiache ndege ichukue spidi, kisha uiinue taratibu. Hiyo inahitaji nafasi, kwa hiyo mtu anayejifunza akiruka mita mbili tatu kutoka chini akidhani ndo usalama anajinyima dawa yenyewe. Panda juu. Mita 50 ni rafiki kwa anayejifunza.

Upepo unavyodanganya macho

Hapa naomba utulivu kidogo maana hili limeangusha ndege nyingi za watu makini.

Tuseme ndege yako inatembea hewani kilomita 40 kwa saa, na upepo unavuma kilomita 20 kwa saa. Ikielekea kwenye upepo, wewe uliyesimama chini unaiona inaenda 20 tu, inajikokota. Ikigeuka ikafuata upepo unaiona inaenda 60, inakimbia hatari. Lakini bawa halijui habari za ardhi, bawa linajua hewa, na hewani muda wote ilikuwa 40, haijabadilika kitu. Anayejifunza akiiona inakimbia hivyo anaogopa, anapunguza mota au anavuta stiki kuituliza, macho yanaridhika kwamba sasa inaenda mwendo mzuri, kumbe hewani imebaki na 20 na kitu na bawa limeshachoka. Akikata kona hapo, ndege inastoli na kuzama. Akitoka pale anasimulia kwamba upepo wa nyuma uliibeba ukaibwaga.

Kona nayo ina deni lake. Ndege ikilala upande ili igeuke, bawa linatakiwa libebe uzito na wakati huo huo livute ndege kuingia kwenye kona, kwa hiyo linahitaji spidi zaidi kuliko linapoenda moja kwa moja. Unganisha kona kali, mota imepunguzwa, upepo uko nyuma, na unakaribia kutua uko chini. Mkusanyiko huo unaua hata marubani wa ndege kubwa za watu, sio modeli tu.

Kwa wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, ushauri wangu ni rahisi: asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaamka, na miezi ya katikati ya mwaka ambapo kusi limeshika kasi kuweni wavumilivu zaidi. Kwa wa Nairobi kuna jambo lingine ambalo hamuambiwi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani. Ndege ile ile, betri ile ile, inahitaji spidi zaidi kwa kama asilimia 8 ili isistoli, na propela inauma hewa kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu wa Dar akikwambia ndege yake hairushwi kwa nguvu, anaisogeza tu mkononi inaenda, yuko sahihi kwake, wewe wa Nairobi irushe kwa nguvu zaidi na mota ikiwa juu.

Uzito una hesabu yake pia. Chukua ndege yenye bawa la mita 1.2 kwa sentimita 20, uzito gramu 700. Ukipiga hesabu inastoli kwenye kilomita 23 hivi kwa saa, mwendo wa baiskeli. Ukiijaza betri kubwa, kamera, taa na gundi mpaka ikafika kilo 1.4, inastoli kwenye 33. Kilomita kumi zinaonekana ndogo kwenye karatasi, uwanjani ni tofauti ya ndege inayokupa muda wa kufikiri na ndege inayokuwahi. Kwa hiyo ukiambiwa ongeza mota kubwa ndo itaruka vizuri, kwanza jiulize je huwezi kupunguza gramu.

Mizani

Hili ni jepesi na ndilo wengi wanalolisahau. Kila ndege ina sehemu moja ambayo uzito wake wote unalingana mbele na nyuma, na sehemu hiyo lazima ikae mahali pake chini ya bawa, kwa ndege nyingi za kawaida ni kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 20, basi sentimita 5 mpaka 6 na nusu. Kupima ni vidole viwili tu, kimoja chini ya kila bawa, unanyanyua ndege ikiwa na betri ndani, ikikaa sawa au pua ikilala kidogo sana uko salama.

Pua ikiwa nzito sana ndege inakuwa mvivu, inataka kushuka kila wakati, lakini inarudi nyumbani. Mkia ukiwa mzito hiyo ni habari nyingine. Ukigusa kidogo ipande inapanda mara tatu ya ulivyotaka, ukirekebisha inazama, unarekebisha tena, kila pigo linakuwa kubwa kuliko la kabla, na hakuna vidole vya binadamu vinavyowahi hapo. Wala haisaidii kuwa fundi. Dawa ni kusogeza betri mbele, bure, sekunde kumi. Naumia nikiona mtu kajenga ndege nzuri wiki nzima halafu hakupima mizani kabla ya kurusha.

Vidole, kushoto na kulia

Rimoti ya kawaida ina stiki mbili. Kwa mpangilio unaotumika zaidi, ya kushoto ukipandisha juu mota inaongeza nguvu, ukiipeleka pembeni usukani wa mkia unageuza pua. Ya kulia ukivuta kwako pua inapanda, ukisukuma inashuka, ukipeleka pembeni mabawa yanalala upande huo. Ndege za mwanzo kabisa za kujifunzia hazina hata vile vibawa vidogo vya kulazia, zina mota, pandisha-shusha na usukani tu, halafu mabawa yamenyanyuliwa kidogo pande zote mbili kama herufi V iliyofunguka sana. Umbo hilo linafanya ndege ikilalia upande yenyewe irudi kukaa sawa. Ukiwa unachagua ya kwanza chagua hiyo, achana kabisa na zile zinazofanana na ndege za kivita, ni nzuri kwa macho na ni kaburi la hela.

Kinachochanganya watu sio stiki, ni ndege inapogeuka kuja kwako. Ikienda mbali nawe kulia kwake ni kulia kwako. Ikija, kulia kwake ni kushoto kwako, na vidole vinagoma. Kuna mbinu ya zamani inayosaidia siku hiyo hiyo: ndege ikiwa inakujia, bawa lililoshuka upande gani, peleka stiki upande huo huo unaouona, kama vile unaweka nguzo chini ya bawa lililolala. Linainuka. Baada ya muda akili inazoea na hufikirii tena.

Na mazoezi hayo usiyafanye kwa ndege ya kweli. Kuna simuleta za kompyuta na simu, yaani programu za kuiga kuruka, nyingine za kulipia kama RealFlight, nyingine za bure kama PicaSim, na rimoti nyingi za siku hizi zinaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB kwa hiyo unashika stiki zile zile utakazoshika uwanjani. Piga saa nyingi humo mpaka kuja na kwenda kwa ndege kukukalie sawa. Simuleta haifundishi kila kitu, haina jua machoni wala moyo kudunda, lakini kushoto na kulia inafundisha vizuri sana.

Kuna wanaouliza kuhusu zile ndege zenye jairo ndani, kifaa kinachosawazisha ndege chenyewe. Ni kitu kizuri, kinapunguza kuyumba kwenye upepo na kinampa mtu ujasiri, sina ugomvi nacho. Ila jueni kwamba jairo ya kawaida inapima kuyumba, haipimi spidi ya hewa, kwa hiyo inaweza kukuwekea ndege sawa kabisa huku spidi inaisha, mpaka dakika ya mwisho. Stoli bado ni kazi yako.

Vitu vinavyotakiwa

Mwili wa ndege ni sehemu ya bei rahisi kuliko zote. Ile bodi nyepesi ya stairofomu iliyobanwa katikati ya karatasi mbili, wanayotumia wanafunzi wa usanifu kutengenezea majengo ya mfano, inapatikana kwenye maduka makubwa ya steshenari. Ongeza gundi ya kuyeyusha kwa moto, seloteipu pana, kisu chenye wembe mpya, vijiti vya mishikaki na rababendi za kufungia bawa. Bawa lifungwe kwa rababendi na sio gundi, ili ndege ikibamiza bawa lichomoke badala ya kuvunjika. Ramani za kukatia zipo za bure, Flite Test wa Marekani wametoa nyingi na video zake hatua kwa hatua. Watu wa zamani walijenga kwa mbao nyepesi ya balsa, ni kazi ya kupendeza sana na nawaheshimu wanaoifanya mpaka leo, lakini ndege ya balsa ikianguka unarudi mezani wiki kadhaa, ya stairofomu unaipaka gundi pale pale uwanjani.

Ndani kuna mota ya umeme, spidi kontrola ambayo inaigawia mota umeme kulingana na stiki, resiva inayopokea redio, na sevo ambazo ni vimota vidogo vya kusukuma na kuvuta usukani. Kwenye mota utaona namba na herufi KV, watu wanadhani ni nguvu, sio nguvu, ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja ikiwa haina mzigo. Mota ya 1000KV kwenye betri ya volti 11.1 inataka kuzunguka kama mara 11,100 kwa dakika. KV kubwa ni propela ndogo na mbio, KV ndogo ni propela kubwa na mvuto, na ndege ya kujifunzia inataka hiyo ya pili.

Rimoti ndo kitu cha kuwekea hela, maana ndege zitakuja na kuondoka yenyewe inabaki. Za siku hizi zinatumia masafa ya 2.4 GHz, eneo lile lile la Wi-Fi, na zinarukaruka kutoka chaneli hadi chaneli kwa hiyo watu kumi wanaweza kuruka pamoja bila kuingiliana. Zamani haikuwa hivyo, wawili wakiwasha chaneli moja ndege ya mmoja ilikuwa inaanguka. Na lile swali la kilomita ngapi: kabla redio haijafika mwisho wake jicho litakuwa limeshafika. Ndege ya mita 1.2 ikiwa umbali wa mita 300 ukubwa wake machoni ni nusu ya upana wa mwezi, hujui inakuja au inaenda. Kikomo chako ni macho.

Betri sasa, na hapa naomba msicheze. Hizi za lithiamu polima zina nguvu kubwa kwa uzito mdogo, na ndo sababu zinaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Kila seli ni volti 3.7 kwa jina, ikijaa ni 4.2, na haitakiwi kushushwa mpaka 3.0, kwa hiyo tua ikiwa imebaki na kama asilimia 20. Betri ya seli tatu ya 2200 mAh inakupa dakika nane mpaka kumi za kuruka kwa utulivu, basi, sio nusu saa. Chaji kwa chaja inayosawazisha kila seli, kwa ampea 2.2 kwa betri hiyo, juu ya kigae au sufuria na sio juu ya kitanda, na usiondoke nyumbani ikiwa inachaji. Ikivimba imekufa, usiitoboe usiijaribu tena. Ukiiweka muda mrefu iache kwenye volti 3.8 kila seli, ukiiacha imejaa inazeeka haraka. Na kama kuna ndugu anakuletea kutoka Dubai, mwambie betri zikae kwenye begi la mkononi ncha zikiwa zimezibwa, mashirika ya ndege hayataki betri za akiba kwenye mizigo ya chini, na betri kama hiyo ni kama Wh (wati-saa) 24, mbali na kikomo cha kawaida cha 100.

Mchezo wa watoto?

Kulikuwa na mtu aliyeitwa Maynard Hill, Mmarekani. Mwezi Agosti 2003 ndege yake ya modeli, ya balsa na plastiki, chini ya kilo 5 ikiwa na mafuta yake yote, ilirushwa kwa mkono kutoka Newfoundland huko Kanada ikavuka Atlantiki ikatua Ireland baada ya saa 38 na dakika 52. Karibu kilomita 3,000. Katikati ya bahari ilijiongoza kwa GPS, kuanza na kutua ilikuwa mikono ya watu na rimoti. Hill wakati huo alikuwa haoni vizuri kabisa na kusikia kwake kulikuwa kumeharibika. Mkiniuliza kama huu ni mchezo wa watoto jibu langu ni huyo mzee.

Na wanaodhani ndege zisizo na rubani zimeletwa na hizi droni za picha, historia iko kinyume. Nikola Tesla alionyesha boti ya kuongozwa kwa redio New York mwaka 1898. Ndugu wawili wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao ya redio mwaka 1937. Muigizaji Reginald Denny alianza na duka la ndege za modeli huko Hollywood, na kwenye Vita vya Pili kampuni yake ya Radioplane ililiuzia jeshi la Marekani maelfu ya ndege za rimoti za kulengea shabaha. Binti mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda hicho alipigwa picha na mpiga picha wa jeshi, baadaye dunia ikamjua kama Marilyn Monroe. Modeli ndo mama, droni ni mtoto.

Lakini hilo pia lijibu wale wanaotaka kijana wa video apewe kiwanda cha ndege za abiria. Ndege ya modeli inasamehe sana, uzito ni mdogo, hakuna roho ndani, na unajenga tena kesho. Ndege ya kubeba watu inataka hesabu za uchovu wa vyuma, majaribio ya miaka na ukaguzi. Kijana huyo anachohitaji ni shule ya uhandisi, vifaa, na watu wa kuruka nao, na huo ni mwanzo wa kweli kabisa maana wahandisi wengi wa anga walianzia hapo hapo.

Kibali

Hapa ndipo droni na modeli zinakutana. Usidhani kwa sababu yako ni ya stairofomu haikuhusu. Tanzania mambo haya yako chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kibali kinagusa pia Wizara ya Ulinzi, na kwenye hifadhi za taifa huruki bila ruhusa yao. Kenya kuna kanuni za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya anga ya huko, kuna usajili na kuna ruhusa ya kuingiza chombo nchini. Masharti yanabadilika, kwa hiyo uliza mamlaka kabla hujaagiza, maana kifaa kikizuiliwa forodhani utalia peke yako. Na hata ukiwa na karatasi zote, kaa mbali na viwanja vya ndege, kambi za jeshi na mikusanyiko ya watu. Propela ya inchi 9 inayozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika inakata kidole, na gramu 700 kwa kilomita 60 kwa saa ikimpiga mtoto kichwani hakuna cha kusema.

Wakati unasubiri majibu ya kibali, kata glaida ndogo ya stairofomu isiyo na mota wala redio, bawa kama sentimita 40 hivi, mkia nyuma, irushe kwa mkono taratibu ikielekea kwenye upepo, pua ikiwa sawa na upeo wa macho. Itainua pua, itasimama hewani, itadondoka. Hiyo ni stoli, na mkia ni mzito. Bandika sarafu puani kwa seloteipu, rusha tena. Ikipiga mbizi moja kwa moja umezidisha, sogeza sarafu nyuma kidogo, rusha tena, mpaka ianze kuteleza ndefu na kutulia bila kuinua wala kuinamisha pua. Halafu pima kwa vidole viwili uone mizani imeangukia wapi chini ya bawa.